Sabuni Isiyotoa Povu

Mezani pa Christiane, katika soko moja la Kampemba, hakuna hata kipande kimoja cha sabuni. Kuna chupa kubwa zenye pampu, kopo la vijiko vilivyochemshwa nyumbani asubuhi, na furushi la vifuko vidogo vya plastiki. Jirani zake wanauza maziwa ya unga, sukari na mafuta ya mawese kwa kipimo, na yeye anauza sabuni ya uso kwa kipimo vilevile. Kijiko kinachotwa, kifuko kinafungwa fundo, mteja anakwenda zake. Chupa nzima ya sabuni ya namna hiyo ni ya watu wanaonunua katika maduka ya katikati ya mji, lakini kijiko kimoja hakimshindi mtu.

Njia hiyo ya kuuza ina ugumu wake. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, yenye majina ya viungo vyote, inabaki mezani. Mteja anakwenda nyumbani na kifuko kisicho na neno hata moja. Kama uso utamwasha, hatakuwa na kitu cha kusoma, na atakachokumbuka ni sura ya aliyemuuzia. Christiane alilielewa jambo hilo mapema. Aliamua kwamba hatauza kitu ambacho hawezi kukieleza kiungo kwa kiungo, na kwa miaka kadhaa sasa ameushika uamuzi huo.

Watu wengi sokoni wanamwita Mama Kiki, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wazazi wake walitoka Kasai, baba akiwa mwalimu, na katika nyumba yao kitabu kilipewa heshima kama chakula. Alimaliza shule ya sekondari katika tawi la biolojia na kemia, akitamani kusomea ufamasia. Kisha baba alifariki, wadogo zake walikuwa bado shuleni, na Christiane akaanza kuuza mafuta ya kupaka pamoja na mama yake. Hasemi kwamba alinyang'anywa maisha. Anasema tu kwamba kemia aliyojifunza haikukimbia, ilimfuata mpaka sokoni.

Mtu akiuliza, humgeuzia chupa na kumwonyesha orodha. Kitu cha kwanza katika orodha ndicho kingi kuliko vyote, na mara nyingi ni maji. Kinachofuata kinapungua, na kinachofuata tena kinapungua zaidi. Baada ya maji hutafuta gliserini, inayovuta unyevu na kuushika katika ngozi. Halafu hutafuta kile kinachosafisha, yaani kiungo kinachoshika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili, ili uchafu ukubali kuondoka. Viko vikali, vinavyotoa povu jingi na kuondoa hata mafuta ambayo ngozi inayahitaji. Viko vipole, vinavyotengenezwa kwa nazi au kwa sukari, ambavyo povu lake ni dogo au halipo kabisa. Mwisho hukagua manukato na alkoholi. Kwa ngozi ngumu havina neno, lakini kwa ngozi iliyochoka vinaweza kuwa kama chumvi kwenye kidonda.

Kuhusu kihifadhi, ambacho wateja wengi wanakiogopa kwa sababu jina lake ni refu, huwa anasimama kidogo. Huwaambia kwamba sabuni yenye maji ikikosa kihifadhi huoza kama supu iliyolala, na kwamba jina refu si kosa. Ndiyo sababu anachemsha vijiko vyake, na ndiyo sababu hataki mtu achovye kidole katika chupa.

Siku moja alikuja kijana anayeendesha pikipiki ya abiria, uso umejaa chunusi na vumbi jekundu la njia. Alikuwa akijisugua kwa sabuni ya kufulia, asubuhi na jioni, na kadiri alivyosugua ndivyo mafuta yalivyorudi kwa haraka. Christiane hakumuuzia kitu siku hiyo. Alimwambia anawe kwa maji tu, asipake kitu chochote, kisha afagie lupango lake lote, yaani ua wa nyumba, na akimaliza kufagia ajiguse uso. Ukivuta kama ngoma, ngozi ni kavu. Paji la uso na pua vikiteleza huku mashavu yakivuta, ngozi ni ya mchanganyiko. Ukiteleza wote, ni ya mafuta. Kijana alirudi kesho yake akisema kwamba mke wake alishangaa kumwona na ufagio, na kwamba uso unateleza wote. Ndipo akapimiwa kijiko.

Jirani wa meza, Cathy, alicheka mpaka akashika ubavu. Cathy anauza sabuni za vipande, zenye harufu inayofika mbali na povu linalojaza beseni. Ni mwanamke mchangamfu, na yeye na Christiane wanakula pamoja mchana kutoka sahani moja, lakini katika biashara hawaelewani hata kidogo. Kwa Cathy, sabuni inayofaa lazima iume kidogo, maana kuuma ndiyo alama ya kazi. Alizoea kuwaambia wateja, kwa sauti ya kusikika, kwamba Mama Kiki anauza hewa kwa kijiko. Christiane humjibu kwamba hewa yake angalau haimlizi mtu.

Kati ya wateja wa Christiane, hakuna aliyemhangaisha moyo kama Laurentine.

Laurentine ni mtoto wa familia ya Kikatoliki iliyotoka kaskazini ya Katanga. Baba yake alifanya kazi ya reli, na mume wake, Émile, naye alistaafu reli. Kwa miaka mingi alikuwa msomaji katika parokia yao ya Kampemba. Watu waliipenda sauti yake, maana alisoma bila haraka, na wazee waliokuwa nyuma ya kanisa walisikia kila neno. Lakini katika miaka hiyohiyo alikuwa akipaka krimu za kung'arisha ngozi na kuogea sabuni za kuchubua, kama wanawake wengi wa umri wake walivyofanya. Mwanzoni uso ulikuwa mweupe na laini. Baadaye ukawa mwekundu, kisha ukaanza kuwaka kwa jua dogo tu, na mwisho madoa meusi yakatokea kwenye mifupa ya mashavu. Laurentine aliacha kusoma. Alikaa benchi la mwisho, amevuta kitambaa cha kichwa mpaka karibu na nyusi, na padri alipomuuliza alijibu kwamba macho yamechoka.

Daktari wa ngozi alimwambia aache kila kitu alichokuwa akipaka, ajikinge na jua, na anawe uso kwa sabuni laini isiyo na manukato. Jina la sabuni aliloandikiwa halikupatikana mahali alipotafuta. Ndivyo alivyofika mezani pa Christiane. Waliangalia pamoja chupa moja baada ya nyingine, Christiane akisoma na Laurentine akiuliza, mpaka wakaipata moja iliyokuwa na maji, gliserini, kisafishi kipole cha nazi, kihifadhi, na karibu basi. Alimpaka kidogo nyuma ya sikio, akamwambia arudi baada ya siku mbili. Ngozi haikusema kitu. Akaanza kununua.

Mvua zote zilipita hivyo. Wekundu ulishuka, moto ukapoa, na madoa, ingawa hayakuondoka, yalitulia. Wakati wa Pasaka Laurentine alisogea mpaka benchi la katikati. Mwezi wa tano padri alimwomba asome somo la kwanza katika misa kubwa ya Kupalizwa Bikira Maria, sikukuu ya parokia yao, katikati ya mwezi wa nane. Hakujibu papo hapo. Alikuja kwanza sokoni, akavua kitambaa mbele ya Christiane na kumuuliza kama uso huo ungeweza kusimama mbele ya watu. Christiane aliutazama kwa muda mrefu, akajibu kwamba kama utaendelea hivyo, utaweza. Laurentine akarudi kwa padri na kukubali.

Ahadi hiyo ikawa ya wote wawili.

Mwezi wa sita, kipupwe kilipoanza, Laurentine na Émile waliacha nyumba ya kupanga na kuhamia Kasungami, pembezoni mwa mji, ambako walikuwa wamejenga kidogo kidogo kwa muda mrefu. Lilikuwa jambo la furaha. Walikuwa na lupango lao, mstari wa mihogo, na vitalu vya mboga za lengalenga ambavyo Laurentine alivishughulikia mwenyewe. Alinunua sabuni ya kutosha kwenda nayo, na Christiane akammwagia baraka.

Kabla mwezi huo haujaisha alirudi sokoni, na kitambaa kilikuwa kimevutwa tena mpaka kwenye nyusi.

Alisubiri wateja wengine wahudumiwe, kisha akasogea karibu na meza na kusema polepole, kama mtu asiyetaka ugomvi:

"Mama Kiki, hii sabuni si ile. Ulibadilisha?"

"Yaya, chupa iko ileile," Christiane alijibu, akimwita kama mtu anavyomwita dada mkubwa.

"Basi juu ya nini inanichoma?"

Akafunua uso. Kandokando ya nywele, chini ya masikio na katika mstari wa taya, ngozi ilikuwa imekauka na kuwa na magamba madogo, na wekundu ulikuwa umerudi. Cathy, ambaye masikio yake hayakosi kitu, aliinama kutoka meza yake.

"Kama imeanza kuchoma, njo imeanza kufanya kazi," alisema. "Tumupe Mama Kiki pongezi."

Wanawake waliokuwa karibu walicheka. Laurentine hakucheka, na Cathy alipouona uso vizuri, akajifanya anapanga sabuni zake.

Christiane aliigeuza chupa na kuisoma orodha kuanzia juu hadi chini. Ilikuwa ileile. Alinusa, akachukua tone na kulisugua kati ya vidole, akajipaka kwenye taya lake mwenyewe. Alimuuliza Laurentine kuhusu krimu mpya, mafuta, poda, dawa za kunywa. Hakuna. Alimuuliza kuhusu moshi wa makaa na vumbi la barabara. Vipo, lakini Kampemba navyo vilikuwapo. Alimuuliza kama kuna kitu kilichobadilika katika kunawa kwake. Laurentine alifikiri, akajibu kwa moyo mweupe kwamba hakuna, ananawa asubuhi na jioni kama kawaida.

Siku hiyo Christiane aliiondoa ile chupa mezani na kuiweka chini, ingawa wateja waliiulizia. Alisema hauzi asichokielewa. Jioni aliketi na chupa zote na daftari zake za shule, akatafuta kosa. Aliwaza kwamba labda kihifadhi kimechoka kwa sababu ya kufungua na kufunga, au kwamba kijiko kimoja hakikuchemka vizuri. Lakini taya lake lilikuwa salama, na wateja wengine waliopimiwa kutoka chupa hiyohiyo hawakuwa na lalamiko. Mwisho alifikia uamuzi ambao ulionekana wa busara. Ngozi ya Laurentine imedhoofika kwa sababu ya baridi kavu ya kipupwe, kwa hiyo inahitaji sabuni pole zaidi. Alimchagulia nyingine, nzito kama maziwa mazito, yenye mafuta zaidi na isiyotoa povu hata kidogo, na akampelekea kwa mkono wa Émile.

Ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya wiki moja Laurentine alipiga simu. Hakulalamika sana. Alisema tu kwamba atamwambia padri atafute msomaji mwingine mapema, ili asiwaletee watu aibu dakika za mwisho. Alisema pia kwamba hamlaumu mtu, na kwamba labda ngozi iliyoharibiwa na mwenyewe haina haki ya kupona.

Christiane alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yaya, usimwambie padri kitu," alisema. "Kesho nakuja kwako. Usinawe uso mpaka nifike."

Alifika Kasungami jua lilipokuwa bado chini na baridi ikiuma vidole. Émile alimfungulia mlango wa lupango akiwa amejifunika koti lake la zamani la reli. Alikuwa ameshaambiwa sababu ya ziara hiyo, na haikumwingia akilini.

"Miaka hii yote nimeoa," alisema, "sijaona mugeni anayetoka mbali kuja kuangalia bibi yangu akinawa uso."

"Papa Émile, leo utaona."

Christiane alianza kwa kukagua. Alinusa shuka la mto, akauliza lilifuliwa kwa sabuni gani. Aliangalia mahali pa kupikia na upande moshi unakoelekea. Alikagua kikopo cha sabuni, ambacho kilikuwa safi na kimefunikwa vizuri. Laurentine alimfuata nyuma akiwa na haya, kama mtu anayetafutiwa wezi ndani ya nyumba yake. Hapakuonekana kitu. Basi Christiane akaketi kwenye kiti kidogo na kumwomba anawe kama anavyonawa siku zote, bila kumwonyesha adabu ya mgeni.

Laurentine alichukua beseni na kikombe kimoja cha maji. Alilowesha uso kwa maji kidogo. Alichota sabuni nzito, kiasi cha kujaza vidole vitatu, akaipaka kwa uangalifu mpaka kwenye nywele, chini ya masikio na shingoni, akisugua kwa mviringo kama alivyofundishwa. Kisha akamimina maji yaliyobaki katika kiganja, akajipitishia usoni mara mbili, akachukua pindo la kitenge na kujifuta.

Christiane alisubiri. Laurentine alitundika beseni ukutani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Haina povu, hakuna kitu ya kutosha."

Alimaanisha kwamba hakuna kitu cha kuondoa, na alisema bila wasiwasi wowote, kama mtu anayeeleza kwamba chai isiyo na majani haihitaji chujio. Christiane alinyanyuka kutoka kwenye kiti. Aliomba kitambaa safi cha pamba na maji ya uvuguvugu. Alikilowesha, akakikamua, akampitishia Laurentine kwenye mstari wa taya na chini ya sikio, taratibu, mara kadhaa. Kisha akakitumbukiza kitambaa katika beseni la maji na kukikamua tena. Maji yakageuka kuwa meupe kama yale ya kuoshea mchele, na juu yakaelea matone madogo ya mafuta.

Wote watatu walichungulia beseni.

"Hiyo yote ilikuwa mu uso?" Émile aliuliza.

"Ilikuwa inalala naye," Christiane alijibu.

Ndipo maswali yakaanza kujibiwa moja baada ya jingine, bila mtu kuulizwa kwa nguvu. Kule Kampemba, katika lupango la kupanga, kulikuwa na bomba. Laurentine aliinamisha kichwa chini ya bomba na kuacha maji yapite mpaka mikono ikapata ganzi. Hakuhesabu, na hakuwa na sababu ya kuhesabu. Hapa Kasungami maji yanatoka katika kisima cha jirani, na katika kipupwe kisima kilikuwa kimeshuka. Kila ndoo ilibebwa kwa kichwa, na kila ndoo ilikuwa na kazi zake: kupika, vyombo, kuoga, na vitalu vya lengalenga ambavyo vikikosa maji siku mbili vinalala chini. Uso ulipewa kikombe kimoja. Alipoulizwa sokoni kama kuna kitu kilichobadilika katika kunawa kwake, hakusema uongo. Kwake kunawa kulikuwa sabuni na mikono, na hivyo havikubadilika. Maji hakuyaweka katika hesabu.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Tangu utotoni, mkono wake ulijifunza kutoka kwa povu. Povu likiwapo, endelea kumimina. Povu likiisha, acha. Sabuni ya Christiane ilinyamaza, na mkono haukujua wakati wa kuacha. Ukaacha mapema. Kisafishi, hata kile kipole kuliko vyote, kimetengenezwa kugusa ngozi kwa dakika moja na kuondoka. Kikikaa mchana kutwa kinaendelea na kazi yake, kinashika mafuta ya ngozi yenyewe, na ngozi iliyokwisha kudhoofika haiwezi kuvumilia. Na ile sabuni ya pili, nzito zaidi, ilihitaji maji mengi zaidi ili itoke. Kumpa Laurentine sabuni hiyo kulikuwa kumwongezea mzigo mtu aliyekwisha kulemewa.

Christiane alilisema hilo mwenyewe. Alisema kwamba alikuwa amesoma chupa kila upande akasahau kusoma beseni. Mezani pake alieleza kila siku ni nini kinaingia katika sabuni, lakini namna ya kuitoa usoni hakuwahi kuieleza, kwa sababu alidhani hiyo kila mtu anaijua.

"Yaya, unisamehe," alisema. "Kosa ni langu."

Laurentine alikuwa bado anashika taya lake, ambalo kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi halikuteleza wala halikuvuta.

"Basi ngozi yangu haikufa," alisema.

"Haikufa. Ilikuwa inaomba maji."

Walipanga namna mpya papo hapo, na waliipanga kwa kufuata ndoo iliyopo, maana hapakuwa na faida ya kumwamuru mtu wa Kasungami anawe kama mtu mwenye bomba. Asubuhi, maji matupu, kwa sababu uso uliolala ndani ya nyumba haujapata uchafu wa kuhitaji sabuni. Jioni, ile sabuni ya kwanza, kiasi cha punje moja ya haragwe na si zaidi, ipakwe kwenye uso uliolowa na isisuguliwe kwa nguvu. Kisha kitambaa cha pamba kilichoiva kwa kufuliwa, kiloweshwe, kipitishwe taratibu kuanzia paji la uso hadi shingoni, kikamuliwe, kipitishwe tena, mpaka maji ya kukamua yawe safi kama yalivyoingia. Maji ya kukamua ndiyo yangekuwa povu lake sasa, yangemwambia wakati wa kuacha. Kikombe na nusu kilitosha. Mwisho, ngozi ikiwa bado na unyevu, tone la mafuta yasiyo na manukato. Maji yaliyotumika Émile aliyachukua akayamwaga kwenye shina la mgomba, akisema kwamba kwake hakuna kinachotupwa.

Christiane alirudi sokoni mchana. Cathy alimuuliza habari za mgonjwa, na Christiane alimsimulia yote bila kuficha sehemu yake. Alingoja mzaha, lakini Cathy alimsogezea kwanza sahani yao ya mchana. Kisha akasema kwamba sabuni zake yeye angalau zinaaga kwa sauti zikiondoka. Christiane alikubali kwamba hilo ni kweli. Tangu siku hiyo, kila anapofunga fundo la kifuko, anamuuliza mteja anapata maji wapi na anayatumia kiasi gani. Wengine wanamshangaa. Msichana mmoja alimuuliza kama ameanza kufanya kazi ya kampuni ya maji.

Ngozi haina haraka. Wiki ya kwanza magamba yalidondoka, ya pili moto ukapungua. Laurentine alipiga simu karibu kila jioni, mara nyingine kusema tu kwamba maji ya kukamua yametoka safi. Mwanzoni mwa mwezi wa nane alikuja sokoni na kuvua kitambaa bila kuombwa. Wekundu ulikuwa umeondoka. Madoa ya zamani yalikuwa palepale, mawili makubwa, moja kila shavu, rangi ya kahawa. Alitaka kujua kama poda ingeyafunika. Christiane alimwambia ukweli. Poda ingeyafunika kwa saa chache, lakini ingekuwa kitu kingine cha kuondoa jioni, na madoa ya namna ile huchukua miaka, mengine hayaondoki. Daktari angeweza kumpa dawa ya kuyapunguza, na ni vizuri arudi kwake. Sabuni, hata ikiwa nzuri namna gani, kazi yake ni kusafisha bila kuumiza, na hapo inafika mwisho wake.

Laurentine alijitazama katika kioo kidogo cha mezani. Cathy alimtazama pia.

"Mama, hivyo hivyo unafaa," Cathy alisema, na hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka nje. Christiane ni Mprotestanti na hakuwa amezoea kusimama na kuketi mara nyingi namna ile, lakini alikuja mapema na kupata nafasi mbele, karibu na Émile. Nje, upepo wa mwezi wa nane ulikuwa umeanza kurusha vumbi. Ndani, taa zilikuwa zinawaka na wanakwaya wamevaa kitenge kimoja. Wakati ulipofika, Laurentine alinyanyuka kutoka benchi lake na kutembea hadi kwenye kimeza cha kusomea. Kitambaa chake kilikuwa kimefungwa juu, nyuma ya masikio. Hakuwa na poda. Alifungua kitabu, akatazama watu, akangoja watoto wanyamaze kama alivyokuwa akifanya zamani, kisha akaanza.

Christiane alikaza macho. Aliangalia paji la uso, likang'aa kidogo kwa joto la watu na kubaki tulivu. Aliangalia mstari wa taya, kila Laurentine alipogeuza kichwa. Aliangalia chini ya masikio. Taa kali iliyo juu ya kimeza, ambayo Laurentine aliiogopa tangu mwezi wa tano, ilimwangaza uso wote, na ngozi haikuvuta, haikuwaka, haikumfanya apeleke mkono usoni hata mara moja. Madoa yalionekana, bila shaka. Mwanamke mmoja nyuma alimnong'oneza mwenzake, na mwenzake akamwambia anyamaze, asikilize. Christiane alishtuka tu watu wote walipoitikia kwa pamoja, na Laurentine akafunga kitabu.

Baada ya misa walikutana uani, katikati ya watu waliokuwa wakimshika Laurentine mkono na kumuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Alipopata upenyo alimvuta Christiane kando.

"Sema ukweli. Nilisoma muzuri?"

"Yaya, sikusikia hata neno moja," Christiane alijibu. "Nilikuwa naangalia paji la uso."

Laurentine alimtazama, akacheka kicheko kirefu kilichomfanya Émile ageuke kutoka kwa wazee wenzake wa reli.

"Basi Jumapili urudi," alisema, "na ufunge macho."